Hati Moja, Mito Miwili

Katikati ya Desemba 1982 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikutana Paris na kupitisha orodha mpya ya maeneo ambayo hasara yake ingekuwa hasara ya binadamu wote. Ndani ya orodha hiyo zilikuwamo nyika mbili zenye mito mikubwa. Ya kwanza ni misitu ya magharibi mwa Tasmania, kisiwa kilicho kusini mwa Australia, unakopita mto Franklin. Ya pili ni Pori la Akiba la Selous, kusini mashariki mwa Tanzania, linalokatwa na Rufiji. Mito yote miwili ilikuwa imeshachorewa bwawa la umeme, na yote miwili ilipewa hati ileile na kikao kilekile.

Leo Franklin unatiririka kama zamani. Rufiji umezibwa na ukuta mkubwa wa zege wenye mitambo tisa ya kufua megawati 2,115.

Jibu jepesi ni kwamba Waaustralia walikwishashiba umeme na Watanzania bado wanautafuta. Lina ukweli wake, ila linaruka sehemu kubwa ya kisa. Tasmania ya wakati ule ilikuwa inaabudu mabwawa. Shirika lake la umeme lilikuwa kama serikali ndani ya serikali, na ahadi yake ilikuwa viwanda na ajira. Mwaka 1981 wananchi waliitwa kupiga kura ya maoni wachague bwawa lijengwe wapi, hapa au pale. Nafasi ya kusema lisijengwe popote haikuwekwa kwenye karatasi. Karibu theluthi moja ya wapiga kura wakaiandika wenyewe kwa kalamu.

Kazi ya ujenzi ikaanza hivyohivyo. Siku hati ya Urithi wa Dunia ilipopitishwa, wanaharakati wakiongozwa na daktari Bob Brown walianza kuziba njia za mitambo kwa mitumbwi na miili yao, na zaidi ya watu 1,200 wakakamatwa katika miezi iliyofuata. Yote hayo yalileta kelele, lakini kelele peke yake haizuii katapila. Kilicholizuia ni uchaguzi wa Machi 1983, uliomwingiza madarakani Bob Hawke. Bunge la shirikisho likatunga sheria ya kuyalinda maeneo ya Urithi wa Dunia, jimbo la Tasmania likakataa kutii, na shauri likafika Mahakama Kuu ya Australia. Julai 1, 1983, majaji wanne dhidi ya watatu waliamua kwamba serikali ya shirikisho, kwa kuwa imetia saini mkataba wa kimataifa, ina mamlaka ya kulizuia jimbo. Tasmania ililipwa fidia ya mamilioni ya dola, na Franklin ukanusurika kwa kura ya jaji mmoja.

Hapo ndipo penye fundisho lenyewe. Hati ya Paris haikuwa na meno. Meno yalitoka kwenye sheria ya ndani iliyotungwa kwa ajili yake, kwenye mahakama iliyokuwa tayari kuitafsiri, na kwenye jambo moja ambalo mara nyingi halitajwi: aliyetaka kuzuia bwawa na aliyetaka kulijenga walikuwa wawili tofauti. Serikali kuu ilimfunga mikono mdogo wake.

Selous hapakuwa na wawili. Serikali iliyopeleka jina la pori Paris ndiyo iliyokuwa na ndoto ya bwawa, na ndoto hiyo ilikuwa na sheria yake. Mamlaka ya Uendelezaji wa Bonde la Mto Rufiji, RUBADA, iliundwa mwaka 1975, miaka saba kabla ya hati ya urithi, na kufua umeme kwenye korongo la Stiegler la mto huo kulikuwa miongoni mwa mambo makubwa iliyokabidhiwa. Kwa hiyo tangu mwanzo ardhi moja ilikuwa na maandiko mawili: moja likisema isiguswe, jingine likisema ichimbwe msingi. Kilichokosekana kwa miaka arobaini ni fedha. Wahifadhi walioona mto ukiendelea kupita kwa amani wakadhani ni hati inayoulinda, kumbe ulikuwa unalindwa na hazina tupu.

Fedha zilipopatikana, mambo yalikwenda kasi. Mkataba na kampuni mbili za Misri, Arab Contractors na Elsewedy Electric, ulitiwa saini Desemba 2018. Julai 26, 2019 Rais John Magufuli aliweka jiwe la msingi. Maji yakaanza kujazwa Desemba 22, 2022, mtambo wa kwanza ukawashwa mapema 2024, na mwaka uliofuata mitambo yote tisa ikawa imekamilika. UNESCO ilipinga, ikaonya, ikaandika maazimio. Mwaka 2021 washauri wake walipendekeza Selous iondolewe kabisa kwenye orodha. Kamati ikasita, na jina likabaki. Adhabu kubwa iliyokuwa mikononi mwa kamati ilikuwa kumnyang'anya mtu cheti ambacho hakuwa anakitumia.

Anayetaka kuicheka Tanzania kwa hilo aanze kwa kukumbuka mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023, mafundi wa kuchomelea wakikaa vibarazani na wenye saluni wakihesabu hasara. Hoja ya bwawa haikuwa ya kipuuzi. Kinachostahili kutazamwa ni hesabu iliyotumika kuitetea.

Hesabu ile ilikuwa ya eneo. Selous ni takriban kilomita za mraba 50,000. Ziwa la bwawa ni kama 1,200. Hiyo ni asilimia 2 na ushei, na kwa kipimo hicho mtu anaweza kuapa kwamba pori halijaguswa. Tena siku ileile ya jiwe la msingi Magufuli alitangaza kwamba sehemu ya Selous itapandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, na muda mfupi baadaye zaidi ya kilomita za mraba 30,000 zikapata ulinzi wa juu kabisa unaotolewa na sheria za wanyamapori za nchi. Kwa ramani ya ardhi, mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa ushindi wa uhifadhi.

Ukipima kwa mto, habari ni nyingine. Asilimia ile 2 imekaa kwenye korongo ambalo karibu maji yote ya bonde hupita kabla ya kushuka kwenda Utete, Ikwiriri na delta. Chini ya korongo Warufiji wamelima kwa karne nyingi kwa kusubiri mto upande, uache tope jipya, kisha ushuke, wapande mlau kwenye unyevu uliobaki. Mikoko ya delta, ambayo ni msitu mkubwa kuliko yote ya aina yake kwenye pwani ya Afrika Mashariki, husimama juu ya mchanga na tope linalotoka bara, na kamba wanaovuliwa kati ya mdomo wa Rufiji na Mafia hukulia humo. Bwawa hushika tope. Hiyo ni tabia ya kila bwawa duniani. Aprili 2024, mvua za El Niño zilipozamisha mashamba na nyumba za Rufiji na Kibiti, ubishi ulizuka papo hapo: serikali ilisema bila bwawa mafuriko yangekuwa makubwa zaidi, baadhi ya wakazi wakasema ni maji yaliyofunguliwa bwawani. Ubishi huo wenyewe ni jambo jipya katika historia ya bonde. Zamani mafuriko yalikuwa ya Mungu. Sasa yana mlango, na mlango una mwenyewe.

Hifadhi za Afrika Mashariki zilirithi sheria za kulinda mapande ya ardhi, na mto si pande la ardhi. Ni mrefu, mwembamba, unatoka kwa mtu na kwenda kwa mtu, na kila tone linalopita hapa limeamuliwa na aliye juu. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2019 katika jarida la Nature ulikadiria kwamba kati ya mito ya dunia yenye urefu unaozidi kilomita 1,000, asilimia 37 tu ndiyo inayotiririka bila kizuizi toka mwanzo hadi mwisho.

Wamarekani ndio waliokuwa wa kwanza kutunga sheria ya taifa inayoulinda mto kama mto. Chimbuko lake ni ndugu wawili mapacha, Frank na John Craighead, wanabiolojia waliopata umaarufu kwa kuwafuatilia dubu, ambao katika miaka ya 1950 walikuwa wakipinga bwawa lililopangwa Montana. Hoja yao: kama nchi ina orodha ya mito inayofaa kuzibwa, iwe pia na orodha ya mito isiyofaa kuzibwa. Oktoba 2, 1968 Rais Lyndon Johnson aliitia saini sheria hiyo, ikiwa na mito minane.

Sheria yenyewe haina mashairi. Inaitaja tume ya serikali kuu inayotoa leseni za mabwawa ya umeme na kuikataza kutoa leseni kwenye mto ulioorodheshwa. Inaikataza pia idara nyingine yoyote ya shirikisho kusaidia mradi wa maji utakaouharibu. Mwenye shamba la kando ya mto anaendelea kulima, maana ukanda unaoshughulikiwa ni wastani wa mita 400 hivi kila upande na hauchukui ardhi ya mtu kwa nguvu ya jumla. Ulinzi uko kwenye saini ya ofisa mmoja ambaye hana ruhusa ya kuitoa. Nguvu yake ilionekana mwaka 1976 kwenye mto uitwao New, huko North Carolina: leseni ya bwawa ilikuwa imeshatoka, Bunge likauingiza mto kwenye orodha, na leseni ikafa.

Mito ya orodha hiyo sasa imezidi 200, na urefu wake umepita kilomita 20,000. Inasikika kama mingi mpaka mtu aambiwe kwamba haifiki nusu ya asilimia moja ya mito ya nchi hiyo, na kwamba Marekani ina mabwawa zaidi ya 90,000. Waliiandika sheria ya kutoziba baada ya kuziba karibu kila kilichofaa kuzibwa. Mataifa yanayoambiwa yaige mfano huo yana haki ya kulitaja hilo.

Australia, iliyojisifu kwa Franklin, nayo ilikuja kujikwaa kwenye mto. Mwaka 2005 jimbo la Queensland lilitunga sheria ya mito huru, na Aprili 2009 likaitangaza mitatu ya rasi ya Cape York: Archer, Lockhart na Stewart. Mito ilikuwa safi kweli. Tatizo ni kwamba pembezoni mwake waliishi wenyeji wa asili ya nchi, ambao walikuwa wamepigania miongo kadhaa kurudishiwa ardhi, na sasa wakaambiwa nini kisifanyike juu yake. Noel Pearson, mwanasheria na kiongozi wa wenyeji wa Cape York, aliipinga hadharani kama mlango mwingine wa kuwafungia watu umaskini. Si wote walioafikiana naye. Upande wa Ghuba ya Carpentaria wako wenyeji walioiunga mkono, na kuna vijana walioajiriwa kuwa askari wa mito hiyo. Hata hivyo Juni 2014 Mahakama ya Shirikisho ilibatilisha matangazo ya 2009: waziri alikuwa amefanya haraka bila kuyapa uzito unaostahili maoni yaliyoletwa. Mwaka huohuo sheria nzima ikafutwa na jimbo. Kosa lilikuwa la utaratibu, lakini utaratibu ule ndio uliokuwa sauti ya wenye mto.

Uganda ilijaribu njia ya mapatano. Ili Benki ya Dunia ikubali kuusaidia mradi wa bwawa la Bujagali, lililozamisha maporomoko yaliyokuwa mahali pa ibada kwa Wasoga, serikali iliahidi mwaka 2007 kwamba maporomoko ya Kalagala, yaliyo chini kidogo kwenye mto uleule wa Nile, yatatengwa kwa ajili ya mila, utalii na viumbe, wala hayatafuliwa umeme. Roho za maji za Bujagali zikawa kama zimelipiwa kwa roho za Kalagala. Bujagali likazinduliwa 2012. Kisha likaja bwawa la Isimba, megawati 183, kwa mkopo wa China, likazinduliwa Machi 2019, na ziwa lake likapanda hadi kumeza sehemu ya eneo lililotengwa. Isimba halikujengwa Kalagala. Lilijengwa chini yake. Maji ndiyo yaliyorudi nyuma. Mapatano yakafanyiwa marekebisho, maana mwenye kuahidi na mwenye kujenga ni yuleyule, na mkopeshaji wa pili hakuwa amemwahidi mtu kitu.

Maporomoko ya Kabalega, ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Murchison, yalijaribiwa mwaka huohuo wa 2019. Kampuni ya Afrika Kusini iliomba kibali cha kufua umeme pale Nile unapobanwa kwenye mwanya wa mita saba hivi. Kelele za waongoza watalii na wananchi zilikuwa kubwa, na mwezi Agosti waziri akatangaza kuwa ombi limekataliwa. Kabla mwaka haujaisha serikali ikaruhusu upembuzi yakinifu kwenye maporomoko jirani ya Uhuru. Hadhi ya hifadhi ya taifa haikutajwa sana katika mgogoro huo. Fedha za utalii ndizo zilizotajwa, na huenda ndizo zilizosaidia.

Kuna wanaoona kwamba dawa ni kuupa mto utu wa kisheria. New Zealand ilifanya hivyo Machi 2017 kwa Mto Whanganui, wenye urefu wa kilomita 290, baada ya Wamaori wa mto huo kudai haki zao kwa zaidi ya karne. Mto sasa ni nafsi mbele ya sheria, na wapo wawili walioteuliwa kuwa sauti yake. Ni hatua yenye heshima, na ina lugha ya wenyeji ndani yake, si ya washauri. Lakini sheria iliyoufanya mto kuwa mtu iliacha vibali vilivyokuwapo viendelee, na maji ya vyanzo vyake yanaendelea kuchepushwa kwenda kwenye mitambo ya umeme ya Tongariro kwa vibali vinavyofika 2039. Mtu huyo ana haki ya kushtaki, ila damu yake inachotwa kihalali.

Mfano mpya unaosifiwa sana ni Vjosa. Mto huo unatoka milima ya Pindus, Ugiriki, unakoitwa Aoös, unavuka Albania na kuingia Bahari ya Adriatic baada ya kilomita 270 hivi. Ujenzi wa bwawa ulikuwa umeanzishwa Kalivaç na kukwama. Jingine lilipangwa Poçem, na mwaka 2017 mahakama ikalizuia baada ya wanakijiji na watetezi wa mazingira kushtaki. Machi 15, 2023 serikali ya Albania iliutangaza kuwa hifadhi ya taifa, pamoja na vijito vyake vikubwa, kwa msaada wa muungano wa wahifadhi na kampuni ya nguo ya Patagonia. Uzuri wa tangazo lile ni hapo kwenye vijito: kwa mara moja mpaka wa hifadhi ulichorwa kwa kufuata maji. Wino haujakauka vizuri, ikaonekana mabomba yanalazwa ya kuchukua maji ya Shushica, kimoja cha vijito hivyo, kuyapeleka kwenye hoteli za pwani ya Himarë. Bomba si bwawa, na katazo lililoandikwa kwa kulifikiria bwawa huliona bomba limepita.

Kwa msomaji wa Tanzania, bomba la Shushica lina majina ya nyumbani: mfereji, banio, skimu. Ruaha Mkuu, ambao nao ni mmoja wa mito inayoulisha Rufiji, unapita ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na hakuna aliyewahi kujenga bwawa humo. Pamoja na hayo, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 mto huo hukauka hifadhini kila kiangazi, viboko wakibanana kwenye madimbwi ya tope. Wataalamu waliolichunguza bonde la Usangu mwishoni mwa muongo ule walinyooshea kidole zaidi mifereji ya mashamba inayoachwa wazi wakati wa kiangazi kuliko ng'ombe. Waliohamishwa mwaka 2006 walikuwa wafugaji, wengi wakielekezwa Lindi na Rufiji, yaani kutoka juu ya bonde kwenda chini yake. Mwaka 2008 mpaka wa hifadhi ukapanuliwa hadi kuimeza Ihefu, ardhi oevu inayouhifadhia mto maji. Hifadhi ikapita kilomita za mraba 20,000. Mto ukaendelea kukauka.

Kimsingi nyenzo za kisheria zipo. Sheria ya mazingira ya 2004 ina katazo la mita 60 kutoka ukingoni, ambalo kila mwenye kinyungu, yaani shamba la bondeni, huko Iringa na Njombe amelisikia, mara nyingi siku bwana mazingira anapokuja kufyeka mahindi yake. Isiyosikika ni sheria ya maji ya 2009. Ndani yake kuna kitu kinachoitwa akiba: kiasi cha maji kinachopaswa kubaki mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na uhai wa viumbe vya majini, kabla ya kibali cha mtu yeyote. Kwa maandishi, hicho kiko karibu na ile sheria ya Wamarekani kuliko tangazo lolote la hifadhi, kwa sababu kinamgusa mtoa kibali badala ya mwenye jembe. Kukisimamia ni kwenda bonde zima, banio kwa banio, kupima maji na kuwaambia wenye skimu kubwa za mpunga kwamba kibali chao kinaishia mwezi fulani. Ni rahisi zaidi kuweka bikoni.

Mwaka 2001 Waziri Mkuu Frederick Sumaye aliahidi kwamba ifikapo 2010 Ruaha Mkuu ungekuwa unatiririka mwaka mzima. Mwishoni mwa 2022, ukiwa umekauka kwa zaidi ya siku 100, Makamu wa Rais Philip Mpango alikuwa Iringa akitoa maagizo yaleyale kwa mamlaka zilezile. Wakati huohuo, kilomita mamia kadhaa chini ya bonde, maji yakaanza kujazwa kwenye ziwa jipya la korongo la Stiegler. Mitambo tisa ya huko sasa inayahitaji maji ya mito ya Kilombero, Luwegu na Ruaha kuliko kiboko yeyote alivyowahi kuyahitaji, na huenda siku moja ikawa ndiyo mtetezi mwenye sauti wa vijito vya juu.

Maji ya Ihefu hutokea mahali paitwapo Ng'iriama, ambapo mwamba wa asili umelala kama kizingiti cha mlango. Yakiwa juu ya mwamba, yanamwagika kuelekea hifadhini. Yakishuka chini yake, hata kwa upana wa kiganja, hakuna kinachopita, na mto ulio ndani ya mpaka wa hifadhi ya taifa unabaki mchanga mpaka mvua inyeshe. Kiganja hicho huamuliwa juu zaidi, kwenye mabanio ya mpunga, na mtu mwenye ufunguo wa lango la chuma.